Kiwanda kina wahandisi, hakina wapimaji: mafundi wa mitambo mizito wanajengwaje?

Mwamba_wa_Klinka

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba mawazo ya waliobobea kwenye viwanda vya saruji, sukari, chuma na migodini. Kiwanda ni cha saruji hapa Tanzania: tanuru moja la kuzunguka, kipenyo mita 4 na urefu 60, linaloegemea vituo 3 vya rola, klinka (mawe yanayosagwa kuwa saruji) tani 2,500 kwa siku. Idara ya matengenezo ina wahandisi 6, mafundi sanifu 9 na mafundi mchundo 31. Ukisoma orodha utadhani tumekamilika. Lakini shatidauni kubwa (kusimamisha kiwanda kwa matengenezo) ikikaribia, kazi tatu husubiri watu watoke nje ya nchi: kupima mhimili wa tanuru, kurekebisha gia kubwa na pinioni yake, na kufungua giaboksi ya kinu cha malighafi. Kibali kikichelewa, ratiba nzima inasogea, na kila siku ya kusimama ni tani 2,500 ambazo hazipo.

Mafundi wawili wa zamani, wale wa kuweka bisibisi sikioni na kukutajia beringi ipi inalia, wanastaafu mmoja mwaka huu na mwingine mwakani. Tukitangaza nafasi barua zinajaa, wengi wana shahada nzuri kabisa, ila aliyewahi kupima uwazi wa beringi kubwa kwa mkono wake humpati.

Nimepewa miezi 24 kujenga timu ya ndani. Niajiri wahandisi wapya au niwainue mafundi sanifu nilionao? Mkataba na hao wataalamu wa nje uandikweje ili ujuzi ubaki? Na kozi zipi zina maana kweli, tuache zile za cheti na picha ya pamoja?

Giaboksi_Nzito

Mkuu, swali zuri na limekuja kwa wakati, kwa sababu viwanda vingi vinalikwepa mpaka mzee wa mwisho aage.

Uwiano unaotajwa siku zote kwenye fani yetu ni mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi mchundo 25. Wewe una 6 kwa 9 kwa 31. Kwa hiyo wahandisi unao wengi kuliko uwiano huo unavyotaka; ujuzi wa kupima unaokukosa ni wa fundi sanifu. Yeye ndiye anayepima, anaandika, na anasimama kati ya mhandisi mwenye mchoro na fundi mchundo mwenye spana. Usiajiri mhandisi wa saba. Chukua mafundi sanifu, na wale mchundo wenye kichwa cha hesabu wapandishe.

Miezi 6 ya kwanza wafundishe kupima tu. Watu wa kufungua na kufunga tunao tele. Adimu ni mtu anayesoma namba akasema "hii msiifungue, tatizo liko kituo kile". Na vipimo vya tanuru havidai mitambo ya gharama. Chukua kuteleza kwa tairi, ile pete kubwa ya chuma inayokaa juu ya rola, kwenye ganda la tanuru. Kamba moja ya chaki inakupigia mstari mmoja kwenye tairi na kwenye sahani za ganda zilizo chini yake. Acha tanuru lizunguke mara 10, pima mistari imeachana kiasi gani, gawa kwa 10. Ukipata milimita 15 kwa mzunguko, gawa kwa 3.14: uwazi wa kipenyo kati ya tairi na ganda ni karibu milimita 4.8. Hapo uko salama. Kuteleza kukielekea sifuri, ganda linabanwa na tairi kama kiuno kwenye mkanda, matofali yanapondeka, na ganda lenyewe likipoa linabaki na kiuno hichohicho. Kukipita milimita 25 au 30 kwa mzunguko, sahani zimelika, ganda linabonyea kila linapopita juu ya rola na matofali yanaanza kulegea na kudondoka.

Kosa la kawaida ni kupima mara moja tu tanuru likiwa limetulia. Hatari kubwa iko wakati wa kuwasha, kwa sababu ganda linapata joto mapema kuliko tairi. Mpe kijana kazi ya kupima kila saa tanuru linapopandishwa joto, nyuzi 30 hadi 50 kwa saa, na mpe mamlaka ya kumwambia mwendesha tanuru apunguze moto anapoona kuteleza kunakaribia milimita 3. Bila mamlaka hayo, umemfundisha kuandika namba za kujaza faili.

Kitu cha pili ni rola. Rola mbili za kituo kimoja zikikaa mshazari kuelekea pande tofauti, moja inalisukuma tanuru juu na nyingine chini. Zinapigana. Tanuru kwa nje linaonekana limetulia vizuri, lakini beringi zinachemka na nyuso zinalika. Mfundishe kijana kuangalia kola ya shafti ya kila rola: upande uliobana na upande wenye uwazi ndio unaokuambia rola hiyo inasukuma wapi. Marekebisho ni sehemu ya milimita, 0.2 hadi 0.3 kwa mara moja, kisha mnasubiri saa kadhaa mnapima tena. Anayezungusha boliti nusu mzunguko kwa hasira anaharibu kazi ya mwaka. Na maji chini ya rola yaondoeni. Maji huingia kwenye nyufa ndogo za uso wa rola, mzigo unapopita yanabanwa, yanazipanua, na vipande vinachomoka. Ulainishaji wa nyuso hizo ni wa vipande vya grafaiti.

Kuhusu wataalamu wa nje. Sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri awe na mpango wa urithishaji ujuzi kwa Mtanzania. Viwanda vingi huuandika ukurasa mmoja wa kuombea kibali na kuufungia kabatini. Wewe utumie. Mkataba utaje kwa jina fundi sanifu atakayekaa na kila mtaalamu toka asubuhi mpaka jioni, na kazi yake iwe kupima, asifanywe mbeba vifaa. Utaje kwamba namba ghafi, za kabla na za baada, zinabaki kiwandani, maana ripoti iliyopambwa bila namba ghafi haifundishi kitu. Siku ya mwisho mtu wenu arudie kipimo mwenyewe mtaalamu akiwa amesimama pembeni. Asilimia 10 ya malipo ishikwe mpaka hilo lifanyike. Shatidauni ya pili mgeni anapima na wenu wanapima, mnalinganisha. Ya tatu wenu wanapima, yeye anakagua.

Fila_Geji

Naunga mkono hapo juu, ila naongeza kipande cha karakana, kwa sababu vijana wengi hukwamia kwenye beringi.

Usifundishe beringi kwa slaidi. Weka meza moja, shafti chakavu, na beringi moja ya 22220 K C3. Namba hiyo isomwe kwa sauti mpaka iwe kama jina la mtoto: 20 ya mwisho zidisha kwa 5, shimo ni milimita 100. K ni shimo lenye mteremko wa 1 kwa 12. C3 ni uwazi wa ndani mkubwa kuliko wa kawaida, na kwa saizi hii ni kati ya milimita 0.110 na 0.140. Asiyejua hapo atachukua yoyote iliyoko stoo, na ile isiyo na C3 ikishabanwa itabaki na uwazi mdogo mno, inaweza kuungua ikipata joto.

Beringi ikiwa imesimama mezani, pete ya ndani imelala chini, kwa hiyo uwazi unapimwa juu, kati ya rola ya juu na pete ya nje, safu zote mbili. Tuseme umepata 0.120. Ivalishe kwenye slivu (bomba la mteremko linaloibana beringi kwenye shafti) na shafti. Sasa mambo yamegeuka: pete ya nje ndiyo inayoning'inia, uwazi umehamia chini. Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanaendelea kupima juu, fila geji (vibao vyembamba vya kupimia uwazi) haiingii, wanadhani wameshabana vya kutosha, wanaacha nati ikiwa legevu. Baada ya miezi miwili pete inateleza kwenye slivu, unga mwekundu wa kutu unatoka, kisha shafti inalika.

Pima chini. Kaza nati kidogokidogo mpaka uwazi upungue kwa 0.045 hadi 0.060. Ulianza na 0.120, basi simama ukifika kati ya 0.060 na 0.075. Fila geji ichomekwe bila kuipitisha rola juu yake. Ikikanyagwa imekwisha, ubao huo utupe, maana utaendelea kukudanganya. Grisi: beringi yenyewe ijae, nyumba yake theluthi hadi nusu. Ukijaza nyumba yote grisi inasagwa, joto linapanda, mtu anaongeza grisi tena akidhani imepungua, na hapo ndipo moshi.

Kwa beringi za shimo nyoofu zinazopashwa moto, hita ya umeme yenye kipimajoto, nyuzi 110, zisipite 120. Gesi ya kukatia chuma isikaribie beringi mpya hata kama shatidauni imechelewa namna gani.

Mtihani wake: mwanafunzi afunge mara 3 mbele ya msimamizi, kila mara aandike namba ya kabla na ya baada. Mara ya nne mpe kwa makusudi beringi isiyo na C3, usimwambie. Akiirudisha stoo kabla ya kuifunga, amefaulu. Ukiwa na mtu wa namna hiyo unaweza kulala usingizi nyumbani tanuru likifungwa.

Baada ya beringi wapeleke kwenye alaimenti, yaani kunyoosha shafti ya mota na ya pampu ziwe mstari mmoja, wakianza na mguu legevu. Kila boliti ya mguu ilegezwe peke yake, dayo geji ikiwa juu ya mguu. Ikipanda zaidi ya 0.05, weka shimu (kibati chembamba) hapo kwanza. Watu wananunua leza ya bei kubwa halafu wanalinganisha mashine inayokaa kwa miguu mitatu. Namba zinatoka nzuri, boliti zikikazwa zinavurugika.

Mchomeleaji_AthiRiver

Salamu kutoka upande wa Kenya. Mmegusia beringi na vipimo, hakuna aliyetaja uchomeleaji, na hapo ndipo tunaumia sana.

Wachomeleaji wako wengi, lakini wamezoea stiki za 6013 za mageti na madirisha. Ganda la tanuru chini ya tairi ni bamba nene, milimita 50 na zaidi. Hapo inatakiwa 7018, na 7018 ikinyonya unyevu unaleta haidrojeni ndani ya chuma. Stiki zilizokaa wazi zikaushwe kwenye oveni nyuzi 300 hadi 350 kwa saa 1 au 2, kisha zikae kwenye kibeba stiki chenye moto wa nyuzi 100 hivi, zitolewe moja moja. Bamba lenyewe lipashwe nyuzi 100 hadi 150 kabla ya kuanza, na mkimaliza lifunikwe blanketi lipoe taratibu. Ufa wa haidrojeni hauji mara moja. Chomelea leo, kagua baada ya saa 48. Ukikagua jioni ileile utapitisha kazi iliyokufa.

Kuhusu kozi, ndugu, tafuta zile ambazo mtu anafanya mtihani kwa mikono na anaweza kufeli. Wachomeleaji: ISO 9606-1. Wakaguzi wa nyufa: ISO 9712, kiwango cha 2, angalau kupima kwa rangi na kwa mawimbi ya sauti. Mtikisiko: ISO 18436-2, daraja la I kwa wawili, kisha la II kwa mmoja mwenye uwezo. Hao wakishakaa, 4.5 mm kwa sekunde kwenye feni kubwa yenye msingi imara wataijua kuwa ni mpaka wa kuanza kuuliza maswali, na 7.1 ni mpaka wa kusimamisha.

Pesa: huku kwetu mwajiri anatoa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na kuna utaratibu wa kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kampuni nyingi zinatoa mchango kila mwezi na hazidai chochote. Huko kwenu ulizeni VETA, mamlaka ya ufundi stadi, mapema, kabla ya kulipa kozi. VETA pia inawapima na kuwapa vyeti watu waliojifunzia kazini. Yule fundi wako wa miaka 15 asiye na karatasi anastahili hicho cheti.

Mwamba_wa_Klinka

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote.

Mawili bado yananikera. La kwanza, ukishamfundisha mtu, migodi ya Geita au ya Kolwezi kule Kongo inamchukua, na uongozi unauliza kwa nini tulipie mafunzo ya kampuni nyingine. La pili, hao wahandisi 6 vijana niwafanyie nini? Wanakaa ofisini wanajaza oda za vipuri.

Giaboksi_Nzito

La kwanza. Watu wanahama kwa sababu kiwandani njia ya kupanda mshahara ni moja tu: kuwa bosi. Fundi bora wa alaimenti anafanywa msimamizi, anapewa meza, mmepoteza fundi na mmepata msimamizi wa kawaida. Tengeneza ngazi ya kiufundi inayolingana na ya utawala, kwa mfano fundi mpimaji I, II na III, ambapo wa III analipwa sawa na msimamizi wa zamu bila kusimamia mtu. Mkataba wa kufidia mafunzo uwepo, miaka 2, deni likipungua kila mwezi. Ukiweka miaka 5 unamfunga mtu mwenye kinyongo, na hutaki mwenye kinyongo akushikie giaboksi.

Halafu usijenge mtu mmoja kwa kazi moja. Kila kazi iwe na wawili, na wa tatu anayejifunza. Akiondoka mmoja inauma, kazi inaendelea.

Wale wazee wawili wasiachwe waende na ujuzi wao. Wape mkataba wa siku 3 kwa wiki baada ya kustaafu, na uandikwe wazi kwamba mzee hashiki spana. Kazi yake ni kusimama, kutazama na kumzuia kijana anapokosea. Akishika spana kijana hatajifunza, maana hakuna atakayethubutu kumnyang'anya mzee.

La pili. Wahandisi vijana waandikishe kwenye mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, upo tangu 2003, miaka 3 chini ya msimamizi aliyesajiliwa. Kila mmoja apewe mtambo mmoja na jina lake libandikwe pale: wewe ni kituo namba 2, wewe ni giaboksi ya kinu. Ripoti zake ziandikwe kutokana na mtambo huo. Mmoja wao awe na jukumu la injini ya dizeli ya kuzungushia tanuru umeme ukikatika. Hilo linaonekana dogo. Tanuru lenye moto likisimama bila kuzungushwa, ganda linajipinda kama ndizi, na mvua ikinyesha juu yake ndiyo kabisa. Inatakiwa robo mzunguko kila baada ya dakika 10 au 15, na mvua ikiwepo lizungushwe mfululizo. Injini hiyo huwa haiwaki siku ya siku kwa sababu betri imekufa na hakuna mwenyewe. Iwashwe kila wiki, iunganishwe na klachi, iandikwe.

Mwamba_wa_Klinka

Nimerudi. Leo asubuhi mafundi sanifu wawili wamepiga chaki kwenye vituo vyote, mizunguko 10, tanuru likiwa kwenye uzalishaji wa kawaida. Kuanzia upande wa moto: kituo namba 1 milimita 118, kituo namba 2 milimita 305, kituo namba 3 milimita 142. Kituo cha 2 kimenishtua. Kwenye stoo kuna sahani nene kwa milimita 5 kuliko zilizofungwa. Niziweke shatidauni ijayo?

Fila_Geji

Usiziweke. Hongera kwa vijana, lakini tupige hesabu pamoja.

Kituo 1 ni 11.8 kwa mzunguko, uwazi karibu 3.8. Kituo 3 ni 14.2, uwazi 4.5. Viwili hivyo viacheni. Kituo 2 ni 30.5, gawa kwa 3.14 unapata uwazi wa 9.7. Tuseme tanuru likiwa na moto unataka ibaki 4.7. Unapaswa kuondoa milimita 5, lakini hiyo 5 ni ya kipenyo. Sahani ziko pande zote za ganda, kwa hiyo kila sahani inenepe 2.5 tu. Ukifunga zile zenye ziada ya 5, umeondoa 10 kwenye kipenyo wakati uwazi ulionao ni 9.7. Tairi litabana hata kabla matofali hayajapata moto sawasawa.

Kabla ya kuagiza, rudieni kipimo siku 3 mfululizo, na kila mara muandike joto la ganda na la tairi pale pale kwa kipimajoto cha infraredi. Mkisimama, pimeni unene wa sahani zenyewe kwa maikromita, angalau 6 kuzunguka ganda. Zikiwa zimelika sawa, agiza 2.5. Zikitofautiana, leteni namba zote hapa kabla hamjakata chuma.